Land Rover na Land Cruiser Mbele ya Mlima

Kuna ubishi ambao sijapata kuuona ukiisha katika baraza lolote la wazee hapa Vuga. Hauhusu siasa wala mipaka ya mashamba. Unahusu magari mawili, Land Rover na Land Cruiser. Mmoja akisema kwamba Land Rover ndiyo iliyoijenga nchi hii, mwenzake humjibu kwamba hospitali na miradi siku hizi hununua Land Cruiser, na kwamba mnunuzi wa gari la wagonjwa hana muda wa kudanganyika. Kahawa itanywewa mpaka birika likauke, jua litazama nyuma ya vilima, na kila mmoja atakwenda zake na gari lile lile alilokuja nalo kichwani.

Nami nimebishana miaka mingi kwa upande wa Land Rover. Leo nataka kufanya jambo ambalo katika kazi yangu ya ualimu niliwahimiza wengine walifanye, yaani kuirudia karatasi niliyoisahihisha kwa haraka na kuona kama alama nilizotoa zilistahili. Msomaji anivumilie kidogo, maana nitaanza na hesabu kabla ya kufika kwenye yale yaliyo moyoni.

Kwanza tukubaliane tunalinganisha nini. Wabishi wengi huchukua Land Rover ndefu, ile ya inchi 109, wakaishindanisha na Land Cruiser fupi ya aina ya 40. Huo ni uonevu, sawa na kumshindanisha mtoto wa darasa la saba na wa darasa la nne. Inchi 109 ni kipimo cha kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, ambacho ni milimita 2,769. Land Cruiser ya 40 ina milimita 2,285. Mwenziwe halisi ni Land Rover fupi ya inchi 88, yaani milimita 2,235, na tofauti yao ni sentimeta 5 tu. Ile ndefu ya 109 inapaswa kuketi dawati moja na Land Cruiser ndefu ya aina ya 45, ambayo wengi tuliijua kwa kubeba askari, wagonjwa na mizigo.

Tena tukumbuke kwamba magari haya yana babu mmoja. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na jeep la Kimarekani la wakati wa vita kwenye shamba lake katika kisiwa cha Anglesey. Kutoka hapo ikaja Land Rover, iliyoonyeshwa hadharani mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Chuma wakati huo kilitolewa kwa mgao, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa alumini. Wajapani nao mwaka 1951 walitengeneza gari la mfano wa jeep, na mwezi Agosti mwaka ule dereva wao wa majaribio, Ichiro Taira, akalipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Jina la Land Cruiser lilifuata mwaka 1954. Basi moja lilijulishwa kwa watu katika nchi tambarare inayojikinga na bahari kwa maboma ya udongo, na jingine lilipewa mlima uwe mtihani wake wa kwanza. Sisi tunaoishi juu ya Mombo tungepaswa kulitilia maanani jambo hilo mapema zaidi.

Sasa tuje kwenye injini. Land Rover ya kuanzia mwaka 1958 ilikuwa na injini ya petroli ya silinda nne, sentimeta za ujazo 2,286, yenye nguvu za farasi zipatazo 77. Ya dizeli, yenye ukubwa huo huo, ilitoa 62. Land Cruiser ya 40, iliyoanza mwaka 1960, ilikuja na injini ya petroli ya silinda sita, sentimeta za ujazo 3,878, na kiwanda kikaitangazia nguvu za farasi 125. Mwaka 1974 wakaleta na ya dizeli ya silinda nne, sentimeta za ujazo 2,977, nguvu za farasi 80.

Hapa msomaji awe mwangalifu. Ile 125 ilipimwa injini ikiwa imewekwa peke yake juu ya meza ya majaribio, bila mizigo yote inayobeba ikiwa ndani ya gari. Ukiifunga katika gari, namba hiyo hupungua. Lakini hata ukiipunguza kwa mkono usio na huruma, Land Cruiser inabaki mbele, na kwa mbali.

Mlima nao unadai sehemu yake. Injini zote za enzi zile zilivuta hewa kwa pumzi zao wenyewe, na injini ya namna hiyo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 juu ya usawa wa bahari. Barabara yetu kutoka Mombo hadi Lushoto hupanda kutoka takriban mita 400 hadi karibu mita 1,400 katika mwendo wa kilometa 30 na ushei. Kwa hesabu hiyo Land Rover ya petroli ikifika Lushoto nguvu zake 77 zimebaki kama 66, na ile ya dizeli imebakiwa na 53 hivi. Ndiyo maana waliopanda gari la dizeli lililosheheni wanakumbuka kona za kabla ya Soni, dereva akiwa gia ya pili, abiria wakihesabu migomba kando ya barabara mmoja mmoja.

Hadi hapo mtu angesema ubishi umekwisha. Bado. Nguvu za injini ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni namna gia zinavyozifikisha kwenye magurudumu. Waingereza walijua kwamba injini yao ni ndogo, wakaipa difu ya uwiano wa 4.7 kwa 1. Land Cruiser nyingi zilikuwa na 4.1 kwa 1 au chini ya hapo. Ukivuta ile fimbo yenye kichwa chekundu ukaingiza gia za chini, Land Rover hutambaa taratibu kuliko mtu anayetembea, na injini ndogo ikafanya kazi ya kubwa. Katika udongo mwekundu wa masika, ambao ukilowa huwa kama sabuni, polepole hiyo ni mali. Gurudumu linalozunguka kwa pupa huchimba kaburi lake. Kushuka nako ni vilevile: gari lenye gia fupi hushikwa na injini, na dereva haziunguzi breki. Katika somo la kutambaa, basi, Land Rover ilistahili alama zake zote.

Lakini somo hilo lilihitaji mwalimu. Kabla ya mwaka 1971 gia ya kwanza na ya pili za Land Rover hazikuingia kwa hiari. Dereva alipaswa kukanyaga klachi mara mbili na kusikiliza injini kwa sikio. Aliyejifunza alikuwa fundi wa kweli. Asiyejifunza alisaga meno ya gia hadi yakaisha. Nami nakiri kosa langu. Msimu mmoja wa masika nilimlazimisha dereva apite na mzigo wa magunia ya mahindi ya shule, pamoja na abiria wasiokwisha, ingawa aliniambia tungoje njia ikauke. Tulilala mferejini. Asubuhi watu walipokuja kutuvuta, wote walilitukana gari, nami nikanyamaza. Gari halikuwa na hatia. Hatia ilikuwa yangu niliyeketi mbele nikitoa amri.

Upande wa bodi, alumini haili kutu. Ndiyo sababu Land Rover za umri wa miaka 50 bado zina mabawa yao, yamebonyea lakini yako. Land Cruiser za zamani ziliundwa kwa bati la chuma, na zile zilizoishi pwani zilianza kuliwa na chumvi mapema. Hapa mashabiki wa Land Rover hushangilia, nao husahau kuinama wakaangalia chini. Chasisi ya Land Rover ni ya chuma, nayo huoza kama chuma kingine chochote. Nimeyaona magari yenye bodi ya kupendeza juu ya chasisi iliyotoboka kama chujio.

Kuhusu uimara wa viungo, ni jambo linalofahamika na mafundi wote kwamba zile shafti za ndani ya ekseli ya nyuma, wanazoziita hafushafti, zilikuwa udhaifu wa Land Rover za mwanzo, hata ile ndefu ikabadilishiwa ekseli nene zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Land Cruiser haikuwa na ugonjwa huo. Ila Land Rover ilipovunjika ilikuwa na fadhila moja: fundi aliweza kufungua bolti sita za katikati ya gurudumu, akaichomoa hafushafti pale pale barabarani, gurudumu likiwa mahali pake. Gari lilitengenezwa na watu waliojua kwamba litavunjika, wakaacha mlango wazi kwa atakayekuja kulitengeneza. Land Cruiser ilitengenezwa na watu waliokusudia lisivunjike. Hizo ni hekima mbili tofauti, na kila moja ina mahali pake.

Mahali penyewe ndipo penye kisa changu.

Ilikuwa masika ya mwaka 1983. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka minne kabla, bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani kote, na nchi haikuwa na fedha za kigeni. Kipuri cha gari kilikuwa kama dawa ya thamani. Katika kata za jirani palikuwa na Land Cruiser moja nzuri, ndefu, ya dizeli, iliyoaminiwa na kila mtu. Ilikuwa imekaa juu ya mawe tangu mwaka uliotangulia kwa kukosa kifaa kimoja cha pampu ya dizeli, kidogo kiasi cha kuenea kiganjani. Chombo chochote huchakaa, na hilo si kosa la aliyekiunda. Kifaa hicho kilikuwa kwenye rafu nje ya nchi, nasi hatukuwa na fedha ambazo mwenye rafu angezipokea.

Usiku mmoja mke wa jirani yangu alishikwa na uchungu, na uchungu ukakataa kwenda inavyopasa. Tulikata miti miwili, tukafunga blanketi, tukamchukua kwa machela katika mvua. Tulikuwa wanaume wanane tukipokezana, wanne wanne. Mkunga alitembea kando akimshika mkono. Tuliteleza mara nyingi. Tulifika barabara kubwa karibu na alfajiri, na hapo ikatokea Land Rover ya mfanyabiashara wa mboga, kuukuu, taa moja, mlango umefungwa kwa kamba ya katani. Wakashusha matenga ya kabichi, wakampakia mama. Gari lilipanda kwa gia za chini, likilia kama ng'ombe, na halikusimama mpaka hospitali. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Tangu siku ile nilikuwa mtu wa Land Rover. Kila nilipobishana barazani nilikuwa nikiuona mlango ule uliofungwa kwa katani. Sikuwahi kuwaambia wenzangu sababu, na labda mimi mwenyewe sikuijua vizuri.

Aliyeniambia ni rafiki yangu, dereva mstaafu, ambaye ameyaendesha magari yote mawili katika milima hii kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Siku moja nilimsimulia kisa hicho kama ushahidi wangu wa mwisho. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, gari lililokuja usiku ule ndilo lililokuwepo. Wewe hukulinganisha. Ulishukuru."

Nikamwuliza, "Mgosi, kwani kushukuru ni kosa?"

"Si kosa," akasema. "Lakini usimpe mtoto alama za hesabu kwa kuwa alikuchotea maji."

Naam, alinipata. Kwa miaka mingi nililipa deni la usiku mmoja kwa alama zisizo za haki. Nilikuwa nimesahau kuuliza swali ambalo mwanafunzi yeyote angeuliza: kwa nini Land Rover ile kuukuu ilikuwa inatembea na Land Cruiser nzuri ilikuwa juu ya mawe? Jibu halimo katika orodha ya vipimo ya kiwanda chochote. Land Rover zilikuwa zimejaa nchini tangu enzi ya ukoloni. Kila karakana ilikuwa na mizoga yake, na kila mzoga ulikuwa ghala la vipuri. Fundi wa Soni au Korogwe alikuwa ameijua mashine ile tangu utoto wake, na injini yake ya petroli iliweza kufufuliwa kwa waya, kipande cha ngozi na maneno ya upole. Land Cruiser zilikuwa bado chache. Hazikuwa na mizoga.

Kisha ghala likabadilika. Mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na mageuzi ya mwaka 1986 yakafungua mlango zaidi. Magari ya Toyota ya kila namna yakaanza kumiminika, na vipuri vikayafuata kama kuku wanaomfuata mpura mahindi. Sifa ya Land Rover ya kupatikana kwa vipuri ikahamia kwa mwenzake, naye alikuwa tayari na injini kubwa na ekseli nzito. Hapo hakukuwa na ubishi tena kwa yeyote aliyekuwa na mgonjwa wa kubeba.

Nasi tusiiache Land Rover ikasingizia bahati mbaya tu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Injini ile ya mwaka 1958 iliendelea kuuzwa, kwa marekebisho madogo, hadi miaka ya 1980. Ile kubwa ya silinda nane ilitiwa katika gari refu mwaka 1979, wakati ambapo petroli ilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Katika muda huo Wajapani walileta dizeli ya mwaka 1974, wakakuza injini yao ya petroli mwaka 1975, na mwaka 1980 wakaleta dizeli ya silinda sita yenye karibu lita 4. Nimewaona wanafunzi wa namna zote mbili. Yupo anayeongoza darasa la kwanza akaridhika, na yupo anayeanza nyuma akasoma kila usiku.

Basi hukumu yangu, baada ya kuisahihisha upya karatasi, ni hii. Kwa nguvu za injini, uimara wa viungo na kubeba mzigo mlimani bila kuchoka, Land Cruiser ni ya kwanza. Kwa kutambaa katika utelezi, kwa bodi isiyoliwa, na kwa huruma yake kwa fundi maskini, Land Rover ni ya kwanza. Ukijumlisha, Land Cruiser inapita. Ninaandika hivyo kwa mkono wangu, nami najua wapo barazani watakaoniita msaliti.

Lakini ninaongeza sharti moja, na hili ndilo ningependa msomaji abaki nalo. Asilinganishe gari na gari akaishia hapo. Alinganishe gari pamoja na barabara yake, dereva wake, fundi wake, na umbali uliopo kati ya kifaa kilichovunjika na rafu yenye kifaa kipya. Umbali huo hauandikwi kwenye karatasi ya kiwanda, na ndio ulioamua nani alale juu ya mawe na nani apande mlima katika ile alfajiri ya 1983.

Land Rover ya muundo ule wa kale, iliyopewa jina la Defender mwaka 1990, iliacha kutengenezwa tarehe 29 Januari 2016. Mwezi Oktoba 2024 watu walikusanyika Arusha na Land Rover zao, mpya na kuukuu, katika tamasha kubwa la kulienzi gari hilo. Sikuwashangaa. Najua wengi wao walikuwa wakishukuru, kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Land Cruiser ya aina ya 70, iliyoirithi ile ya 40 mwaka 1984, bado inatengenezwa, na ndiyo ninayoisikia usiku ikipanda kilima na mgonjwa.

Ninapoisikia huwa naamka, nakaa kitandani, nasikiliza inavyobadili gia kwenye kona. Ikishapita nalala tena. Jirani yangu na mkewe wangali hai, nao ni wazee sasa. Hatujapata kuuzungumza usiku ule, wala sijawauliza wao wanaona gari gani ni bora.